Kabla ya kugawa, tulitenga kisichokuwa cha Baba

"Marehemu aliishi vipi?"

Karani wa Mahakama ya Mwanzo aliniuliza hivyo macho yakiwa kwenye rejesta. Nilidhani anataka kujua ugonjwa, nikaanza kumweleza habari za figo, za kusafishwa damu, za usiku ule wa Agosti 2016. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole, "Pole sana dada. Ninachouliza ni kama aliishi kimila, Kiislamu au Kikristo."

Nikajibu kwa fahari kwamba Baba alikuwa Mlutheri, mzee wa kanisa kwa miaka 12. Karani akaweka kalamu chini. Akasema kama marehemu aliishi maisha ya Kikristo na kuacha mila, mirathi yake haifunguliwi pale, inakwenda mahakama za juu. Kaka yangu aliyesimama nyuma yangu akadakia, "Lakini tumemzika kwenye kihamba chake Rombo, na ukoo ndio uliokaa kikao." Kihamba ni shamba la ukoo kwetu Wachagga, huko Kilimanjaro. Karani akatutazama mmoja mmoja. "Basi rudini mkaulizane. Mkija tena mje na jibu moja, na muhtasari wa kikao uwe umesainiwa."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa na miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, nimesoma mpaka chuo, na sikuwa nimewahi kusikia kwamba nchi yetu ina sheria tatu za mirathi na kwamba itakayokuangukia inategemea namna ulivyoishi. Nilijua Waislamu wana yao. Hizo nyingine sikuzijua.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja msaidizi wa kisheria, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kata. Alituambia hivi. Ikisemwa Baba aliishi Kikristo, itatumika sheria ya urithi iliyotungwa kwa ajili ya India mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea na mpaka leo ipo. Humo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na watoto wanagawana theluthi mbili. Ikisemwa aliishi kimila, zitatumika kanuni za mila zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963. Humo mjane hana fungu ikiwa mume ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe, kama yeye alivyowatunza.

Mama alikuwa amekaa pembeni yetu, kitenge kimefunika mabega, mikono juu ya mkoba. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akauliza, "Na kama mtoto hataki kutunza?"

Yule msaidizi hakumficha. Alitusimulia habari ya wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walioondolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo, na mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzifuta. Wakafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Miaka 41 ya ndoa, na hatima yake ilikuwa imening'inia kwenye jibu letu kwa karani.

Naandika haya kwa sababu Baba hakuwa mzembe. Alikuwa fundi mitambo, mtu wa kuhesabu spana kabla ya kufunga karakana. Mara mbili nilimtajia habari ya wosia. Mara ya kwanza alisema, "Unataka nijichimbie kaburi?" Mara ya pili, akiwa tayari anakwenda kusafishwa damu, alisema, "Mambo yote yako kwenye sanduku." Nilimwamini. Alikuwa anaamini hivyo yeye mwenyewe.

Sanduku lilikuwa la bati, la kijani, chini ya kitanda chao Kimara. Tulilifungua siku ya pili baada ya kurudi Dar kutoka mazishini, tukiwa watoto wote wanne, Mama, na baba mdogo. Ufunguo haukuonekana, kaka akavunja kufuli. Ndani mlikuwa na karatasi ya kuuziana kiwanja ya mwaka 1987, iliyosainiwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Kitabu cha akiba cha SACCOS, chama cha akiba na mikopo. Hati ya hisa alizonunua Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, ameikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Daftari kubwa la chama cha kuzikana cha watu wa nyumbani, maana yeye alikuwa mweka hazina. Na bahasha ya kaki yenye risiti za ada ya shule moja ya Mbagala, za miaka mitano, kwa jina la mtoto ambaye sisi watano hatukumfahamu. Baba mdogo alikohoa, akatazama dirishani. Mama alizihesabu zile risiti, akazirudisha kwenye bahasha kama zilivyokuwa, akasema tuendelee.

Nitarudi kwenye bahasha. Kwanza niseme habari ya majina, maana ndiyo iliyotutesa muda mrefu kuliko ugomvi wowote.

Kwenye cheti cha ubatizo Baba ana majina matatu. Kazini walimwandika mawili. Kwenye karatasi ya kiwanja mjumbe aliandika jina la utani alilojulikana nalo mtaani, pamoja na jina la ukoo lililokosewa herufi. Benki walikuwa na mpangilio wa nne. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kilitoka na majina matatu, sahihi kabisa, na kwa hiyo hakikufanana na karatasi yoyote nyingine iliyokuwa kwenye sanduku. Kila ofisi niliyoingia walilaza cheti na karatasi yao sambamba, wakaniuliza kama hawa ni mtu mmoja. Nilikula viapo vya majina mbele ya wakili, nikatafuta majirani wa mwaka 1987, nikamkuta muuzaji wa kiwanja ameshakufa, na mjumbe yu hai lakini haoni. Alipapasa ile karatasi kwa vidole, akasema, "Fundi. Namkumbuka. Alileta soda." Ushahidi wake ulipokelewa. Angekuwa amefariki sijui tungeshika wapi.

SACCOS ilikuwa rahisi zaidi lakini iliniumiza kwa namna yake. Kwenye fomu ya kujiunga kuna nafasi ya kumtaja mrithi wa akiba. Baba alimwandika mama yake. Bibi alifariki 1994, na Baba aliendelea kuweka akiba pale miaka 22 mingine bila kuifungua fomu ile tena. Mtu anabadilisha simu, anabadilisha nyumba, anaoa, anazaa, anazika, na karatasi inabaki na umri ule ule aliokuwa nao siku alipoijaza.

Sasa fedha za chama. Hili lilikaribia kutuvunjia heshima. Wanachama walikuwa 60 na kitu, kila mmoja akitoa mchango wa mwezi, na Baba alikuwa akiuweka kwenye akaunti yake mwenyewe kwa sababu chama hakikuwa na akaunti. Siku benki walipopata taarifa ya kifo, akaunti ilifungwa, kama inavyopasa. Mwezi uliofuata mwanachama mmoja akafiwa na mkewe. Watu wakaja nyumbani, si kwa shari, wamekaa ukumbini na kofia mapajani, wanauliza taratibu watamzika na nini. Ilikuwa haki yao. Mimi msimamizi mtarajiwa wa mirathi sikuwa na barua ya mahakama, na bila barua benki hawanipi hata salio.

Kilichotuokoa ni daftari. Baba aliandika kila shilingi: nani katoa, tarehe, nani kazikiwa kwa kiasi gani. Ukijumlisha unapata fedha ya chama, unaitoa kwenye salio, inayobaki ndiyo ya Baba. Yule msaidizi wa kisheria alipoona hesabu ile alisema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: kabla hujagawa mali ya marehemu, tenga kwanza isiyokuwa ya marehemu. Tukarudia orodha yetu yote kwa jicho hilo. Orodha tuliyoiita "mali ya Baba" pale msibani ilianza kupungua.

Lakini kulikuwa na upungufu kwenye akaunti, na huo tulijua ulikotoka. Usiku Baba alipofariki, kaka yangu alichukua kadi yake ya benki, namba ya siri akiijua, akatoa fedha siku tatu mfululizo: jeneza, gari la kusafirisha mwili, mafuta, chakula cha njiani. Kila mtu aliona ni jambo la busara. Hakuna aliyedai risiti. Miezi mitatu baadaye, ukoo ulipoanza kuulizana, baba mdogo akasema mbele za watu kwamba kuna mtoto aliyeanza kula urithi maiti haijapoa. Kaka yangu, aliyelala mochwari kwenye benchi usiku ule, alilia kama mtoto. Nilizunguka kwa fundi wa majeneza, kwa mwenye gari, kwa mama ntilie wa Korogwe, kuomba waandike risiti za nyuma. Gharama za mazishi ni halali kulipwa na mali ya marehemu, tena zinatangulia, lakini anayezilipa ni msimamizi aliyeteuliwa. Akaunti ya mtu inakufa naye siku hiyo hiyo. Kama ungekuwepo msibani kwetu ningekuomba ukusanye michango, ukope kwa jirani, na kadi uiache kwenye droo.

Tulikaa kikao cha ukoo Desemba, watu walipopanda Rombo kwa Krismasi. Hapo ndipo niliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na hapo ndipo baba mdogo alipokataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mimi nimeolewa, mimi ni wa kwingine, na kihamba ni cha ukoo. Sitaki kumchora kama mtu mbaya. Kihamba kile babu alimwachia Baba kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba ya kwanza, anayebaki na boma la wazazi. Baba mdogo ni wa mke mdogo wa babu, alipata kipande chenye mteremko, migomba haikai. Kwa miaka 40 alikuwa akivuka mpaka wa masale, mimea tunayopanda mipakani, kila asubuhi kwenda kuchota maji kwenye mfongo, yaani mfereji, unaopita upande wetu. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba ana haki ya kupita. Aliogopa kwamba mtoto wa kike aliyeolewa atauza, na atakayenunua atafunga njia. Hakusema hivyo kikaoni. Alisema mwanamke hasimamii ukoo.

Akaweka pingamizi mahakamani. Hakimu alimsikiliza vizuri, kisha akauliza kama kuna mtoto yeyote wa marehemu, au mjane, asiyeniamini. Hakuna. Pingamizi likatupwa, nikapewa Fomu namba 4, barua ya usimamizi. Hakimu alinieleza jambo ambalo wasimamizi wengi hawalielewi: kwamba siku ile sikuwa nimekuwa mwenye mali. Nilikuwa nimebebeshwa mzigo wa kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kurudi kutoa hesabu. Ndani ya miezi minne nilete Fomu namba 5, ya mali na madeni, na namba 6, ya hesabu, na nikishindwa niombe muda kabla haujaisha. Niliomba mara mbili, kwa ajili ya yale majina.

Mtaniuliza tulimjibu nini karani. Tulisema aliishi kimila. Ndiyo njia iliyokuwa karibu, ya gharama nafuu, na Baba kweli alizikwa na ukoo, aligawa nyama ya mbuzi kwa mila, aliwatolea wanawe mahari kwa mila. Lakini tulisema hivyo tukijua tunamweka Mama mikononi mwetu. Tukakubaliana kwanza, sisi wanne, kwa maandishi na sahihi mbele ya mashahidi, na muhtasari ule ukaingia kwenye jalada. Tuliandika kwamba nyumba ya Kimara si yote ya Baba. Mama aliuza maandazi na mkaa kwenye genge tangu 1988. Bati za nyumba ile zilinunuliwa kwa fedha za genge, na fundi alilipwa nusu kwa maandazi. Kisheria jasho hilo linahesabika. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika mali ya ndoa, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua mchango wa mwenzi kwenye ardhi hata kama jina ni la mmoja. Kwa hiyo nusu ya nyumba tuliitenga, kama tulivyotenga fedha ya chama, kwa sababu haikuwa mirathi. Nusu nyingine sisi watoto tukamwachia.

Nasema "tukamwachia" na bado neno hilo linanichoma. Mama alipata nyumba yake kwa hisani ya watoto wake. Kama mmoja wetu angekuwa na deni baya au mshauri mbaya, angesimama pale na kanuni za 1963 zingesimama naye. Na jina la Mama halikuwa kwenye karatasi ya kiwanja, wala kitabu cha akiba, wala hati ya hisa. Sanduku zima. Baba alimpenda, nilikua nikiona. Siku yoyote katika miaka 29 angeweza kwenda naye serikali ya mtaa na kuandika majina mawili.

Kuhusu kihamba, nilipanda Rombo mwenyewe, nikakaa na baba mdogo jikoni kwake. Nilimwambia tumekubaliana kihamba kinabaki kwa mdogo wetu wa mwisho, hakiuzwi, kaburi la Baba liko pale; na njia ya mfongoni tutaiandika kwenye muhtasari na kuipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikaa kimya. Pia nilimweleza, kwa sababu sikutaka abaki na dhana ile, habari ya Holaria Pastory wa Kagera: alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, akaliuza 1988, ndugu mmoja wa kiume wa ukoo akamshtaki, na mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ikasema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. "Kwa hiyo ningeweza," nikamwambia. "Ila hatutaki." Wiki iliyofuata alikuja Dar kwa basi. Alimkuta Mama anachambua mchicha, akainama, akamkabidhi jani la sale lililofungwa fundo, ishara yetu ya kuomba msamaha. Mchagga haletewi sale akakataa. Mama alilipokea kwa mikono miwili, wakaingia ndani, wakakaa mpaka jioni. Hawakutuambia walichozungumza.

Sasa ile bahasha.

Mama ndiye aliyesema tumtafute. Tulikwenda Mbagala mimi na kaka, tukamkuta binti wa miaka 14, mrefu, mwenye paji la uso la Baba. Mama yake alikuwa anauza nguo za mitumba, hakuja msibani kwa sababu, alivyosema, hakutaka kuongeza kilio juu ya kilio. Ada ilikuwa imesimama tangu Agosti. Katika kanuni za mila, mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba asipotajwa kwenye wosia. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake. Tungeweza kubishana miaka. Kaka alitaka tubishane, nami kwa wiki kadhaa nilikuwa upande wake. Nilikuwa na hasira na marehemu na nilikuwa natafuta mtu hai wa kumkasirikia. Mwishowe hisa ziliuzwa kupitia kwa dalali wa soko la hisa, na fedha yote ikaandikwa kwenye Fomu namba 6 kuwa ya masomo yake. Ingekuwa rahisi kiasi gani kama Baba angeandika mistari miwili. Wosia usingemwondolea Mama uchungu wake, lakini ungemwondolea yule mtoto kazi ya kuthibitisha mbele ya watu wazima wanne kwamba yupo.

Mirathi ilifungwa Februari 2018. Mwezi huo huo mimi na mume wangu tulianza yetu. Kiwanja chetu Kibaha kilikuwa kwa jina lake, tukaanza taratibu za kuweka majina mawili. Tulikwenda RITA, wanaoandika na kuhifadhi wosia, tukaandika kila mmoja wake. Mashahidi tulichagua wasiokuwa na kitu cha kurithi kwetu, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, kwa kuwa kanuni za mila zinataka wa pande zote mbili na hatukutaka mtu aje kuuvunja wosia kwa hilo. Lililotukalisha macho lilikuwa mlezi wa watoto. Mali tuliigawa kwa jioni moja. Kumtaja nani atawalea wanetu tukiondoka wote kulituchukua miezi minne, na kulitulazimisha kwenda kwa wifi yangu kumuuliza uso kwa uso, maana huwezi kumpa mtu watoto kwa kumshtukiza. Alitaka siku saba za kufikiri. Tulimheshimu zaidi kwa hizo siku saba.

Jirani yangu, Mwislamu mwenyeji wa Pangani, aliniambia katika sheria yao wasia una mpaka wake: hauvuki theluthi ya mali, na haupewi mrithi ambaye tayari ana fungu, labda warithi wenzake waridhie. Mke mwenye watoto ana thumni, yaani moja ya nane, binti nusu ya fungu la kaka yake, hayo hayabadilishwi kwa kalamu. Baba yake alipotaka binti yake mlemavu awe na chumba cha uhakika, alimpa hiba, yaani zawadi, akiwa hai, akamkabidhi funguo mbele ya watu, kodi akaanza kupokea binti mwenyewe. Hiba isiyokabidhiwa, alisema, ni ahadi tu. Nilipenda ile kukabidhi. Nasi tuna daftari sasa, la jalada jekundu, tunalifungua kila Januari: akaunti, madeni, nani tunamdai, fomu za kazini tumemtaja nani, majina yetu kamili yameandikwaje kwenye kila cheti. Linakaa kwenye droo isiyo na kufuli, na watoto wanajua droo ni ipi.

Mwaka jana Mama alifikisha miaka 71 na kuniita Kimara siku ya kazi. Nilimkuta amevaa kama anayekwenda kanisani. Mezani kulikuwa na kalamu na karatasi za mistari. "Andika," alisema, "halafu utanipeleka huko kwenu RITA wanisomee kama umeandika sawa." Alianza na nyumba, vyumba vya wapangaji, jiko. Akataja vikombe vya harusi yake. Akataja shilingi 80,000 anazodaiwa na mama wa maharage, nikamwambia deni dogo hivyo litalipwa tu, akasema liandike. Alimtaja kila mtoto na fungu lake, sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Kisha akanyamaza, akasogeza kikombe cha chai pembeni, akafungua mkoba wake na kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyokunjwa mara nne.

"Na yule wa Mbagala," alisema. "Majina yake yaandike yote matatu, kama yalivyo hapa. Angalia herufi."